Mtalawanda Shingoni

Kiembe Samaki, Unguja
Jumanne, Agosti

Mjukuu wangu Thuwaiba,

Assalaam alaykum. Shikamoo yako nshaipokea kabla hujaitoa: marahaba. U hali gani, na Yann mumeo hali yake, na Shaima wangu je? Kile kikohozi chake kimekwisha, au bado mnampa dawa za chupa za dukani na asali ipo? Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Magoti yangu ndiyo hayanitii tena, na jicho la kushoto limeingia ukungu, basi ukiona mistari inapanda na kushuka usinicheke. Mimi kuandika nimejifunzia darasa la watu wazima, mtoto mgongoni. Wewe uliyesomeshwa mpaka Ulaya hujaniletea hata kijikaratasi.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwa sababu ukisikia usilolipenda, mtandao wako hukatika. Karatasi haikatiki. Barua hii anakuja nayo mkweo, Bi Soazig, mkobani mwake, na hajui kilichomo. Kaa kitako uisome yote.

Mwezi uliopita ulinipigia unalia. Ulisema mkweo anataka Shaima, akianza skuli mwezi wa tisa, apelekwe ile inayosomesha kwa Kibretoni, lugha ya wenyeji wa hiyo pembe yenu ya Ufaransa, na Kifaransa kifuate baadaye. Yann kakuachia wewe uamue. Ulisema lugha yenyewe wanaijua vizee wa mashamba tu, haimpi mtu kazi. Na ulisema hospitalini unakofanya kazi wanakucheka Kifaransa chako mwaka wa sita sasa, na hutaki mwanao, kwa rangi yake na jina lake, naye achekwe. Hilo nililisikia, usidhani sikulisikia. Na kwa kuwa Bi Soazig anakuja Unguja kutembea, uliniomba nimwambie mimi, mtu mzima kwa mtu mzima, amwache mtoto.

Nami nikakuahidi. Nilikuahidi upesi, kwa sababu maneno yako niliyajua. Lugha ya shamba! Nani alokufundisha kusema hivyo, kama si mimi niliyekulea?

Basi alikuja Ijumaa, wiki ya pili sasa, kutoka hoteli aliyofikia Kiwengwa, pamoja na Biasha, yule mtoto wa jirani anayefanya kazi hukohuko na kukijua Kifaransa. Kizee chenyewe kishapita sabini, chembamba, miguu imewiva kwa jua kama kamba wa kuchemsha. Nikampakulia biriani. Alipoona sisi tunakula kwa mkono naye akatia mkono, ikammwagikia mpaka kifuani, hakuona haya. Nikampenda kidogo. Nikajizuia.

Tulipokwisha nawa nikamwambia Biasha amwambie kwamba kitukuu changu si cha kufanyiwa majaribio, na lugha yake ya vizee aizike na vizee wenzake. Biasha akaanza kuzungumza, maneno yangu machache yakawa yake mengi, na mkono kifuani juu. Nikamwambia, we mtoto, mimi sikukwambia uyatie sukari, yapeleke kama yalivyo. Akayapeleka. Nilidhani mama wa watu atanyanyuka aondoke. Hakuondoka. Akaomba kahawa nyingine, akaanza kusimulia.

Alisema kwao aliitwa Soazig, lakini skuli wakamwandika Fransuazi, maana Soazig halikuwa jina la kistaarabu. Alianza skuli hajui hata neno moja la Kifaransa. Siku ya kwanza akaomba ruhusa ya kwenda chooni kwa lugha aliyokuwa nayo, na mwalimu akamtundika shingoni kiatu kikuukuu cha mti, kimefungwa kamba. Biasha aliponieleza nikajua ni kama mtalawanda, huu huu tunaovaa kuingia chooni. Ukivishwa huo, namna ya kuuvua ni moja: umsikie mwenzio akisema Kibretoni, umshitaki, uhamie shingoni kwake. Atakayekutwa nao jioni, bakora zake. Bi Soazig alisema siku ya pili alijificha nyuma ya ukuta akamvizia dada yake wa tumbo moja, akamshitaki.

Basi alipozaa akaapa wanawe hawauvai mtalawanda ule. Yann hakupata kumsemesha Kibretoni hata siku moja. Hata mama wa Bi Soazig mwenyewe alipokuwa anakufa, Kifaransa kikamtoka chote akabaki na Kibretoni tu, na aliyekuwa naye chumbani ni Yann. Bibi anaomba, mjukuu haelewi. Akampa maji. Anaomba tena, akamwongezea maji. Bi Soazig alipoingia ndipo akasikia kwamba mama yake anaomba dirisha lifunguliwe.

Usidhani nililia. Nilisema moyoni, shauri yake, kajitakia.

Akaniuliza mimi nimezaliwa wapi. Nikamwambia Makunduchi. Akataka kupaona, na mgeni akiomba humnyimi, basi Jumapili tukenda kwa gari ya hoteli. Unamkumbuka mdogo wangu Khamisa? Humkumbuki, nimekupeleka mara mbili tu, na mara zote nilikuvisha viatu nikakukataza kucheza na watoto wa pale usije ukashika usemi wao. Tulimkuta kakaa jamvini anasuka ukili. Akanyanyuka na majani ya miyaa mkononi, akanikumbatia, akanisemesha kwa Kikae, lugha yetu ya Makunduchi, kama anavyonisemesha siku zote. Nami nikamjibu kwa Kiswahili cha mjini, kama ninavyomjibu siku zote. Yeye huku, mimi huku. Hatujapata kuliona ni jambo.

Tulipokuwa tunarudi, Bi Soazig akamuuliza Biasha. Yeye asiyejua Kiswahili wala Kikae, yeye asiyeweza kutaja hata chumvi. Aliuliza kwa nini dada wawili waliozaliwa nyumba moja wanasemeshana kama mtu na mgeni. Biasha akanitazama, akaona aibu kufasiri. Nikamwambia fasiri. Biasha akafasiri. Nilisema gari inanitia kizunguzungu, nikafumba macho mpaka Kiembe Samaki.

Sasa sikiliza, Thuwaiba, maana nshachoka kulibeba na sina wa kunitua ila wewe. Mama yako Amne, Mungu amrehemu, amekufa bila kulijua.

Mimi si Nasima. Nimezaliwa naitwa Sichana. Nilipoolewa nyumba ya Malindi, hapa mjini Unguja, mamake babu yako, Bi Thuwaiba, ambaye wewe umebeba jina lake, alisema hilo jina la kishamba halitaitwa ndani mwake, akanipa Nasima. Nikafungua mdomo, mawifi wakacheka. Nikiomba maji wanacheka. Wakinitania mbele ya wageni, "Hebu sema tena, bi shamba, tusikie!" Miezi mitatu nilikaa sisemi, nasikiliza tu, mpaka nikawa nasema kama wao. Nikawashinda wao.

Siku moja asubuhi mama yangu akaja. Ametoka Makunduchi alfajiri, kabeba kichwani furushi la ukili aliousuka mwenyewe nishone mkeka wa uzazi, maana nilikuwa na mimba ya mama yako. Ukumbini wamejaa wanawake, wanakunywa kahawa. Akapiga hodi, akaniita Sichana, akaniuliza hali kwa Kikae, kwa sauti ile ya mtu aliyekuja kwa mwanawe. Mtu akacheka. Bi Thuwaiba akauliza, "Nani huyo?"

Nikasema, "Muuza ukili."

Mama alinisikia. Kiswahili cha mjini alikijua, ila hakuwa akikitumia nami. Alinitazama, hakukasirika. Akalitua furushi kizingitini taratibu, akainamisha kichwa, akaniambia kwa Kiswahili kizuri cha mjini, "Shikamoo, bibi."

Na mimi, Thuwaiba, nikamwitikia, "Marahaba."

Mama yangu kaniamkia, na nimeitikia. Hakunywa hata maji. Hakuja tena mjini, na mkeka wa uzazi sikuushona. Nilipoletewa habari yake nilikuta nshawekewa kaburi tu la kutazama.

Amne alipoanza kusema, kila akirudi kutoka kwa mama mdogo Khamisa na neno la Kikae nilimpiga kofi la mdomo. Naye akakuzaa wewe huna hata neno moja la kukupiga kofi. Hata Kiswahili Shaima humpi. Nikimpigia simu ananiambia bonjuu, anakimbia. Mtalawanda mimi nilivishwa Malindi, nikaupitisha kwa mama yangu, nikaupitisha kwa mwanangu, na sasa nakuona wewe umeshika kamba, unatafuta shingo ya mtoto wa miaka mitatu.

Kwa hiyo lile uliloniomba sitamwambia mkweo tena, na nililomwambia kwanza nshamwomba radhi. Biasha ni shahidi, wala hakutia sukari, hapakuwa na haja. Skuli uamue wewe. Wakikucheka hospitalini najua kunauma, nimechekwa kabla hujazaliwa. Lakini usije ukamzoeza mtoto kumwonea haya anayemwita kwa mapenzi. Siku moja utapiga hodi kwake, na patakuwa na wageni.

Bi Soazig anakuja na mkeka. Ukili kasuka Khamisa, kushona nimeshona mimi, jicho moja, usitazame mishono. Nilirudi Makunduchi, nikakaa na Khamisa siku tatu. Nilimjibu kwa Kikae. Maneno mengine yamenikimbia, akawa ananipa yeye, ananicheka. Nilimwacha acheke.

Nisalimie Yann, mwambie aongeze nyama mwilini. Mbusu Shaima machoni. Biasha anawasalimu, jirani wote wanawasalimu, na Khamisa anasema mtoto akija alale kwake. Nikimpigia simu tena Shaima, mfundishe aniite jina langu. Mkono unauma, naishia hapa, Mungu awahifadhi.

Ni mimi bibi yako,
Sichana binti Jecha