Nguzo ya Gitega imeshika

Shikamoo mama. Natumaini huko Gasorwe mvua haijaozesha maharage.

Hapa Gitega wamezika nguzo ndefu ya zege itakayobeba ghorofa, na jana waliipima. Jeki inaikandamiza chini, sindano ndogo ya kipimo inaonyesha kama inazama. Ingezama, kazi ingesimama, sisi wapishi tungerudishwa, na mwanangu Keza niliyekuachia nisingemchukua tena. Basi nikapita na sufuria kichwani, Beni wangu mchanga mgongoni, mguu ukagusa chuma kinachoshika sindano. Ikaruka!

"Mama Keza, simama hapo hapo!" injinia akapaza sauti.

"Umetikisa ghorofa hata halijajengwa!" mafundi wakacheka.

Nikaganda, maana hatua moja tu ingeitikisa sindano tena. Beni analia, siwezi hata kumrusharusha, ninamwomba Mungu kimoyomoyo. Akalia mpaka akalala mwenyewe. Sindano ikatulia, injinia akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Imeshika. Mama, tupe chakula."

Kwa hiyo Jumapili niletee mwanangu. Nimeshamtandikia hapa mtaani kwetu Yoba. Najua utalia kumwacha, mama, umemlea vizuri kuliko mimi. Lala kwetu hata wiki nzima, nitakupikia, ila usirudi naye.

Nakupenda sana,
Mwanao Espe