Nyumba ya Ngisi

Jumatano, 12 Februari 1969

Bado nina hasira na mwalimu mkuu. Mzazi mmoja kalalamika, basi eti nisiwafundishe watoto kwamba wanyama wa baharini wamekuwa wakibadilika tangu zama za kale. Nilirudi nyumbani nshaamua kulifuta somo la kesho.

Mama alikuwa uani anasafisha ngisi. Akachomoa ndani ya mmoja kitu chembamba kinachong'aa, kama kucha ndefu.

"Mwalimu, hiki nini?"

Nikamwambia ni mabaki ya gamba. Wahenga wa ngisi walikuwa na gamba kwa nje, kama konokono.

Mama akakigeuzageuza kiganjani. Tangu tunyang'anywe nyumba yetu ya Shangani baada ya Mapinduzi, tukahamia vyumba hivi viwili vya Jang'ombe, hajaitaja hata siku moja.

"Kumbe alikuwa na nyumba. Kanyang'anywa?"

"Hapana, mama. Gamba lilipungua kizazi hadi kizazi, ngisi wakawa wepesi, wakazidi mbio."

Akakiosha, akakifunga kwenye kitambaa, akanipa. "Kawaoneshe watoto."

Basi nitafundisha. Naogopa, lakini nitafundisha.

Mama akarudi kwa ngisi wake. Mara nikamsikia anacheka peke yake.

"Ile nyumba ya Shangani," akasema, "ngazi zake zilikuwa zikinimaliza magoti."