Bunduki Niliyoisingizia

Mjukuu wangu Salehe,

Marahaba. Salamu zako za kutoka jeshini zimetufikia hapa Mgori. Alizeti tumeshavuna, na shangazi yako amejifungua salama mtoto wa kike.

Unauliza kwa nini risasi zako zinakwenda pembeni. Swali hilo limenitia aibu, maana jibu lake nalijua vizuri mno.

Ujanani nilikuwa hodari wa upinde, nikaingia mafunzo ya mgambo huku najigamba. Bunduki nikaikaba kwa nguvu, na kifyatulio nikakivuta ghafla, kama mtu anayeachia mshale. Risasi zote zikapotelea porini. Mkufunzi akatoa risasi kwenye bunduki, akaweka ganda tupu la risasi juu ya mtutu. "Bonyeza polepole, lisidondoke." Likadondoka kila nilipobonyeza. Mbele ya wanakijiji nikasema, "Afande, bunduki hii imepinda."

Akaijaza risasi tena, akampa msichana aliyenifuata kwenye mstari. Msichana akabana kitako cha bunduki begani, mkono wa kushoto ukaibeba bila kuikamua. Akatoa pumzi kidogo, akabonyeza taratibu kwa ncha ya kidole mpaka mlio ukamshtua mwenyewe. Risasi ikapiga katikati kabisa ya shabaha.

Watu walicheka. Yeye hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinirudishia bunduki kwa mikono miwili, akasema, "Jaribu tena, kaka." Sikuweza hata kumtazama.

Fanya kama alivyofanya yeye. Mimi mpaka leo nikilaumu jembe shambani, bibi yako huliokota, akanirudishia kwa mikono miwili. Anakohoa tu.

Babu yako