Paka Wako, Kwale wa Baba

Ansab, Maskati

Dada yangu Zuena,

Najua salamu hazikufiki, lakini sikufunzwa kuanza maneno na mkubwa wangu bila ya salamu. Assalaam alaikum. Sisi wazima. Baba mzima, anakula, ijapokuwa kidogo. Mashine ya maji inavuta. Paka wako nao wazima, na hao ndio walionikalisha nikaandika.

Tangu ulipozikwa watu hawajaacha kuniletea habari za paka wako. Wanakuja kunipa mkono wa taazia, wanakaa, wanakunywa kahawa, halafu mmoja anasema, "Marehemu alikuwa mtu wa huruma, hajapata kumpiga paka hata kwa ufagio." Mwengine anadakia, "Usiwafukuze, Nassor, wale wana baraka yake." Naitikia, "Inshallah." Hawajui hao paka wa baraka waliishia wapi. Waliishia kwangu. Wewe ulipata thawabu za kutoua, mimi nikapata manyoya uani.

Sikulia, bora ulisikie kwangu. Nilifika kutoka Ansab mchanga wa kaburi umeshamwagiwa maji, watu wanakung'uta mikono. Nikaanza kuuliza: nani kamwambia nani, kwa nini aliyetumwa kwangu alikuja na punda wala si gari, kama kwamba hesabu ikija sawa wewe utainuka. Kisha nikaacha. Ndani mwangu mpaka leo hamna kitu. Naamka, nawasha mashine, naizima, nalala. Watu wanasema nimesubiri vizuri. Siyo subira, dada. Sijui ni nini.

Basi nna malalamiko, na kwa kuwa hayupo mwengine wa kumlalamikia, utayapokea wewe.

Naanza na siku tuliyoondoka Unguja, mwaka sitini na nne. Kila mtu kaambiwa achukue anachoweza kubeba mwenyewe. Baba alichukua msahafu na kanzu mbili. Mimi nilikuwa na sanduku langu la spana, nililolijaza moja moja tangu siku niliyoingia gereji kufagia. Wewe ulikuwa na furushi la nguo, na pakacha, na ndani ya pakacha Kashata, paka wa mama, analia kama mtoto mwenye tumbo. Aliyekuwa akipakia watu chomboni akatutazama, akasema mzigo mmoja ubaki. Na wewe ukanitazama mimi.

"Spana zitanunuliwa Maskati," ulisema. "Huyu hanunuliki."

"Nitanunulia nini? Mkia wake?"

"Nassor, mama kafa paka huyu yuko miguuni pake. Weka sanduku chini."

Nikaliweka. Maskati nilianza kazi kwa koleo la kuazima lililolegea msumari. Kila nilicho nacho leo, mashine hii, shamba hili la kukodi, ndimu zilizokubali kushika udongo huu wa mawe, vyote vimetokana na koleo lile. Najisifu, ndiyo. Nani mwengine wa kunisifu?

Tulifikia kwa jamaa mjini, watu kumi na tatu kwa vyumba viwili, na Kashata akazaa juu ya mablanketi ya wageni. Wenye nyumba wakatoa mablanketi mengine. Paka hafukuzwi, na kumuua ndiyo kabisa mtu hafikirii. Desturi ya hapa ni ile ile ya kwetu: wakizidi unawatia kikapuni, unampa mtu anayetoka nje ya mji, akawaachie mahali penye chakula. Hukuua, hukutesa, mikono yako safi. Ulipoolewa ukabaki mjini na Shemeji, na mimi na Baba tukahamia huku Ansab kwa ajili ya mashine, mahali penye chakula pakawa kwangu.

"Huko kwenu kuna wasaa," ulisema. "Na panya nasikia wapo tele."

Yule mzee wa punda anayepeleka majani ya ng'ombe Matrah, jirani na kwako, akawa anarudi na kikapu kimefunikwa gunia. "Zawadi ya dadako," anasema, na meno yote nje. Mwanzo paka wawili. Kisha wanne. Kisha kikapu kimoja chenye sita, mmoja wao tumbo limemshuka mpaka chini.

Sasa hali ya Baba. Tangu tulipovuka alikuwa hasemi. Anasali, anaitikia salamu, basi. Mtu ambaye barazani kwake Unguja majirani walikuwa wakivuta mikeka ili wasikie kicheko chake tu. Hapa nilimwekea kiti kando ya birika la maji ya shamba, chini ya mkunazi, apate kivuli. Sikuwa na hekima yoyote, kivuli kilikuwa pale. Asubuhi mashine ikivuta, maji yanamwagika pembeni ya birika, na kwale wanashuka kutoka mlimani kuja kunywa. Kwale wa huku ni wadogo, rangi ya mchanga. Wakitulia, macho yako yanawapita, unaona mawe. Siku moja niko na grisi mpaka viwikoni, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kumi na moja."

Niligeuka nikidhani ameingia mtu.

"Jana walikuwa tisa," Baba akasema. "Wawili hawa wametoka wapi?"

Nilikaa chini pale pale, mafuta yanadondoka. Tangu siku ile akawa ananipa hesabu kila asubuhi, na kwa njia ya kwale akarudi kwenye mambo mengine: mchuzi hauna chumvi, kanzu yangu chafu, fulani yule wa Mkunazini jina lake nani. Nilikuletea habari mjini na wewe ndiye uliyelia. Ijumaa iliyofuata ukaja na Shemeji, Baba akakukalisha karibu yake.

"Nyamaza, Zuena. Umeshawakimbiza. Mdomo wako tangu udogoni kama mashine ya huyu."

Ulicheka mpaka buibui likakuvuka kichwani. Hiyo ndiyo siku nzuri kuliko zote tulizokuwa nazo nchi hii, na sijui kama ulimwona paka aliyekuwa amelala juu ya ukuta wa birika. Mimi nilimwona. Naye alikuwa akiwatazama kwale.

Paka niliwategemea kwa panya. Panya wakubwa wa ghalani, wale waliokuwa wakila mbegu zangu, hawakuguswa. Walipishana na paka wako kama majirani. Paka walianza na kile kipanya cha jangwani chenye shungi mwisho wa mkia, kinachoruka kama panzi. Nikawa naokota mikia. Wakaja kwenye mijusi ya ukutani, kisha tetere waliotaga kwenye mitende mifupi. Kisha kwale. Kwale anataga chini, kwenye kishimo chini ya kichaka, na ujanja wake wote ni kutulia. Kutulia kunamdanganya mwewe. Paka ananusa.

Na usiniambie paka wapo tangu zamani. Paka mwitu wa milimani yupo, nimemwona mara moja, lakini huyo ni mmoja kwa jabali zima, na anapita. Wako walizidi ishirini kwa shamba moja, na hawapiti. Waliozaliwa huku hawakujua mkono wa mtu. Nikasema labda ni njaa, nikawawekea dagaa. Walikula dagaa, wakajilamba, wakaenda kuwinda. Hilo nilikuwa silijui, kwamba paka aliyeshiba anawinda vilevile.

Hesabu ya Baba ikashuka. "Saba," anasema. "Sita." Akawa anazisema kwa sauti ndogo kama anayetoa habari ya mgonjwa. Siku moja akasema, "Watatu, na mmoja anachechemea." Baada ya hapo nikimuuliza ananambia nikatazame mashine.

Nikaja mjini. Ulikuwa unachambua mchele. Nilichora uani kwako kwa kijiti: jike mmoja, mizao miwili kwa mwaka, wanne wanne, nusu yao majike.

"Umesahau wanaokufa," ulisema, hata hukuinua uso.

"Nimeshawatoa."

"Nassor, paka akila ndege kala riziki yake."

"Na riziki ya Baba?"

"Baba hali kwale."

"Unajua nnachosema."

"Najua unachosema. Basi waue. Si una mikono? Waue wote, halafu uje unambie umenawa kwa sabuni gani."

Niliondoka bila ya kunywa chai. Na wiki ile ile mzee wa punda akarudi na kikapu. Ulikuwa na kichwa kigumu, Mungu akurehemu. Hatukuonana tena. Homa ilikuchukua haraka, wanasema, na kwamba hukutaabika. Mimi sikuwapo.

Baada ya matanga Shemeji alikuja huku na paka watano waliobaki nyumbani kwako. Kashata mwenyewe alikuwa ameshakufa, kumbe ulimzika uani. Sanda sikuuliza kama ulimvika. Shemeji aliwaweka chini, akasema, "Wako hawa sasa," akaondoka kabla ya kahawa. Simlaumu, nyumba ile lazima inampigia kelele.

Baba akarudi kwenye ukimya wake. Nilimwambia umekufa, akasema, "Inna lillahi," na ndilo la mwisho nililolisikia kwake kwa muda mrefu. Anakaa birikani, macho hayaendi popote. Kwale walibaki dume na jike tu, na jike hakuwa akionekana. Nikamtafuta, nikamkuta anaatamia chini ya kichaka cha miba, nyuma ya ukuta wa mawe. Nikapita kama sikumwona. Nikajipa kazi moja: mayai yale yaanguliwe, Baba apate cha kuhesabu. Huzuni sikuiweza, lakini kazi naiweza.

Sumu ya panya ipo ghalani. Niliitazama. Si dini peke yake iliyonizuia, ni ile sabuni yako. Nikafikiri kuwahamisha kama ulivyofanya wewe: niwapeleke kwenye mabonde ya juu, au pwani, au mitende ya watu wengine. Kila mahali nilipopataja moyoni pana ndege wake, na pana baba wa mtu.

Nikaenda Sidab kwa mvuvi mmoja, nikamwambia kwa Kiarabu nataka dema la waya, la mlango mdogo.

"Unavua wapi?" akaniuliza.

"Ansab."

Akawatazama wenzake. "Ansab kuna bahari tangu lini?"

"Tangu dada yangu alipoanza kuleta samaki wenye masharubu."

Walicheka, akanipunguzia bei. Walipojua ni paka, mmoja wao akanisihi, "Usiwaumize, yakhe." Hata Sidab mna mawakili wa paka wako.

Nilitega dema kwa dagaa. Wale watano wa mjini waliingia wenyewe, kama wanapanda gari. Waliozaliwa huku walinichukua wiki kadhaa, na mikono yangu imebaki na mistari kama ya daftari la mtoto. Nikajenga banda kando ya nyumba ya mashine, nguzo za mtende, waya wa kuku ubavuni na juu, na ukuta katikati: madume upande mmoja, majike upande mmoja, kama msikitini. Paka ishirini na saba. Waliokuwa na mimba walizaa humo humo, na huo ni mzao wa mwisho. Hawazai tena. Hawawindi tena. Nawalisha asubuhi na jioni, nasafisha banda, na nitafanya hivyo mpaka afe wa mwisho. Mimi niliyekuwa siwapendi, nawajua wote kwa kikohozi. Umeshinda, dada. Sikuua hata mmoja.

Siku ya kwanza banda lilipokamilika, Baba aliinuka, akaburuta kiti chake kutoka birikani, akakiweka mbele ya waya. Nilidhani anatazama kazi yangu. Kesho yake akakaa hapo hapo. Birika likawa mgongoni mwake.

Nilingoja. Na asubuhi moja jike wa kwale akatoka nyuma ya ukuta wa mawe, akasimama, akasikiliza, akaja mpaka maji yanapomwagika, na vifaranga nyuma yake wanajikwaa kwenye changarawe. Nilizima mashine. Nikaenda kwa Baba polepole, nikainama sikioni.

"Baba, geuka. Taratibu."

Hakugeuka. Uso wake ulikuwa karibu kabisa na waya, na upande wa pili paka mmoja mwekundu amejibanza pale pale ulipo mkono wake.

"Mama yenu Zuena hajarudi?" alikuwa akiwauliza. "Kaenda mjini huyo. Akipata maneno hasikii adhana. Atakuja."

"Baba, kwale wamekuja. Wana watoto."

"Wahesabu wewe," akasema. "Mie nnazungumza na hawa."

Niliwahesabu. Walikuwa wanane. Nilisimama baina ya kiti na birika, sikujua nielekee wapi.

Anazungumza kila siku sasa, dada, tangu alfajiri. Anawaeleza bei za vitu, anawasimulia harusi yako, anawagombeza. Mimi hanisemeshi, ila kuniambia dagaa wamechelewa. Jua limeshuka, nasikia paka wameanza kulia, na yeye keshaanza kuniita. Nnakwenda.

Msalimie mama. Mwambie mzee hayuko peke yake.

Mimi mdogo wako