Beki Aliyeacha Kuniangusha

Akinyi mjukuu wangu,

Huku Dunga tuko salama. Goti la nyanya yako linamsumbua, lakini hakubali mtu mwingine aguse sufuria yake ya samaki.

Umeniuliza kama uache mpira au uendelee. Unasema kocha amekuwa mpole kwako ghafla. Mimi mtu akiwa mpole ghafla, namtazama mara mbili.

Nilipochezea timu ya kiwanda kule Muhoroni, beki wetu Odoyo alikuwa akiniangusha mazoezini bila huruma. Msimu mmoja akaacha. Nikimjia na mpira, ananipisha. Nikajiambia, huyu ametumwa na wenzake. Wanataka nijione bado kijana, halafu niaibike siku ya mechi. Hata chai aliyoniletea niliinusa kwanza.

Jioni moja nikaamua kumpima. Nikampiga teke la makusudi mguuni, akaanguka. Nikasimama nikingoja anirudishie kama zamani. Aliinuka, akajipangusa vumbi, akanishika bega.

"Pole, Mzee. Umeumia?"

Mimi ndiye niliyempiga, Akinyi, na yeye ndiye aliyesema pole! Msimu ule niliumaliza. Uliofuata sikuuanza.

Sasa sikwambii uache. Kesho mazoezini, mchunguze yule msichana anayekukaba kwa ukali kuliko wote, wala usimwambie unamchunguza. Akikuangusha, inuka ucheze. Akikuuliza kama umeumia, njoo nyumbani. Samaki wapo.

Babu yako