Siku Baba Alipotuongoza Korongoni

Kaka yangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na watoto, ambao kila nikiletewa picha zao naona miguu imezidi kuzipita suruali. Sisi tu wazima, ukiondoa lengelenge moja kwenye kisigino changu, kubwa kiasi kwamba asubuhi mume wangu hulijulia hali hilo kwanza, mimi baadaye. Cherehani inakwenda, sare za shule ndizo zinazotulisha. Baba anakula vizuri na kugomba vizuri. Lakini kabla hujasoma zaidi, kaa kwenye kiti. Nina habari za safari.

Shule zilipofungwa, binti yangu Redio (jina alipewa na mwalimu wake, na kwa anavyoongea hatukuona sababu ya kulipinga) alilia kwamba amefika miaka tisa na hajawahi kulala kwenye hema. Nikamwambia tutalisimamisha uani. Baba akasikia. Akagonga meza, akasema hakuna mjukuu wake atakayelala uani kama kuku. Kuna korongo, akasema, alilolipima mwenyewe enzi za kazi yake ya upimaji ardhi, analijua nje ndani, na atatuongoza. Tangu astaafu na kuhamia kwetu, watu wa kuwaongoza ni sisi tu, na mimi nilikuwa nimechoka kuongozwa jikoni. Nikakubali haraka.

Mume wangu alifunga tanuri lake la mikate kwa siku tatu. Unajua Baba anavyomwona. Miaka kumi na moja ya ndoa na bado anamwita Hamira, eti kazi yake ni kuvimba tu. Mume wangu huitika, hutabasamu, na kumkatia Baba kipande cha pembeni, kile kilichokauka vizuri anachokipenda.

Baba alisimamia upakiaji kama anayehamisha jeshi. Kila kopo alilitia begini kwa mkono wake mwenyewe. Tulipofika kambini alianza kutoa amri, na katikati ya amri hizo nikamwona akikikemea kichaka. Kichaka kabisa, Kaka, chenye majani. Alikiambia, "Hamira, umesimama tu hapo, huoni wenzako wanavyohangaika?" Hamira mwenyewe alikuwa nyuma ya hema akipigilia vigingi. Akaitika kutoka huko, "Nakuja, Baba," akakimbia akasimama mbele ya kile kichaka. Nilidhani ni jua limempiga Baba kichwani. Nikampa kofia.

Jioni mume wangu akasema atatuokea mkate kwenye sufuria, makaa juu na chini. Akafungua kopo la unga, akamimina maji, akatia mkono, akanisogezea kopo. Nikanusa kopo. Ulikuwa unga wa jasi, ule aliouacha fundi aliyeziba nyufa za chumba cha Baba. Nikafungua mdomo, lakini mume wangu akaniwahi, akatangaza kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyechanganya makopo. Baba alifurahi mno. Alituhutubia juu ya mwokaji asiyeujua unga mpaka maharage yakaiva na kuanza kuungua. Nami nilimnunia mume wangu, maana najua hakugusa kopo hata moja, na sipendi mwanamume anayejitwisha upumbavu usio wake. Lile donge lilikauka likiwa na alama za vidole vyake vitano. Redio anazuilia nalo mlango wa chumba chake.

Kesho yake tukaingia korongoni. Kaka, ni pazuri. Kuta nyekundu zimepanda pande zote mbili, na kijito chini kinapita kama hakitaki kusikika. Kwenye mawe wamechora mishale ya rangi nyeupe kuonyesha njia. Baba akasema mishale ni ya watalii, yeye ana ramani. Njia ilipogawanyika, mshale ukaelekea kushoto na Baba akaelekea kulia. Tukateleza kwenye mteremko wa mchanga ambao nilijua kabisa hatutaupanda tena kwa heshima, tukatembea karibu saa nzima, na mwisho wa yote tukakuta ukuta. Baba akaupapasa, akasema enzi zake haukuwepo.

Akasema tuuzunguke kwa ukingo wa jiwe uliokuwa kando. Akapiga hatua mahali ambapo hapakuwa na ardhi.

Mume wangu alimdaka mkanda wa suruali. Wakaanguka pamoja chali, Baba juu, Hamira chini, na chupa ya chai ikatuponyoka. Tuliisikia ikigonga mawe, ikigonga tena, ikigonga tena, na bado haijafika. Baba akakaa, akavuta pumzi, akakunjua ramani yake kama mtu anayetafuta pa kuweka mikono.

"Babu," Redio akasema, "hilo ni tangazo la matairi."

Ndiyo. Ramani ilikuwa upande wa pili.

Nilisubiri Baba agombe. Hakugomba. Aliikunja ile karatasi mara nne, taratibu, akaniambia, "Mwanangu, sioni. Mwaka wa pili huu. Naona mwanga na vivuli. Wewe nakujua kwa kelele." Nikakaa kwenye mchanga karibu naye, na nilipotaka kulia nikakuta nacheka, naye akacheka, kisha tukalia kidogo wote wawili. Redio akatuambia maji yamebaki nusu chupa, kama tumemaliza.

Yeye ndiye aliyetutoa. Alitangulia akisoma mishale kwa sauti, kila mmoja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia anyamaze. Baba aliweka mkono begani mwa Hamira. Kwenye ule mteremko wa mchanga mimi nilimvuta na mkwe wake akamsukuma kutoka nyuma, kiunoni. Tuandike kiunoni.

Kambini tulichoma viazi kwenye majivu, nikaanza kumshambulia Baba. Vipi afiche jambo kama hili? Na kama angekufa? Aliniacha nimalize, akapuliza kiazi chake, akasema kwamba hakumficha kila mtu. Hamira anajua tangu mwanzo.

Nikamgeukia mume wangu. Akatazama moto. Akasema Baba alimwapisha.

Sasa, Kaka, mimi pia nimeapishwa nisikuambie, na unaona ninavyotunza kiapo. Daktari amesema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na mwezi ujao watampasua la kulia. Baba anaogopa utaacha kazi uje. Uje au usije, hilo amua mwenyewe, lakini ujue.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo lililonifanya nikuambie ukae. Barua za Baba unazopokea, zile unazosifu kwamba mkono wake bado umenyooka, si mkono wake. Baba husema na mume wangu huandika, nyuma ya tanuri, mimi nikiwa kwenye cherehani. Kila neno. Ile barua iliyosema kwamba dada yako aliolewa na gunia la unga, gunia lenyewe ndilo lililoiandika. Baba anasema katikati ya sentensi ile lilinyanyua kalamu na kuuliza, "Gunia moja, Baba, au magunia?"

Na majibu yako, unadhani nani humsomea? Ile uliyouliza kama Hamira bado anatembea kama aliyemeza mchi, mume wangu aliisoma kwa sauti, polepole, mpaka salamu za wifi. Nilipomuuliza kama hakuumia, alisema una mwandiko mzuri.

Kwa hiyo nakuomba, Kaka. Ukimwandikia Baba safari hii, jifanye hujui lolote. Lakini tia humo neno moja jema juu ya shemeji yako. Atalazimika kulisoma kwa sauti, na Baba atalazimika kulisikia.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na uwatafutie suruali ndefu. Redio anakusalimu, salamu zake zingejaza bahasha nyingine. Mungu akulinde mpaka tuonane.

Ni mimi mdogo wako, anayejulikana kwa kelele.