Pampu ya Meno ya Mama Mukwe

Mama,

Faida anavuka leo. Ndiyo maana nakuandikia mchana huu, juu ya meza yangu ya kuchajia simu, nikiinuka kila mara kutazama barabara kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Mpaka wa Kavimvira, wa kuingilia kutoka Burundi, umefunguliwa tangu jana, na binti yako, mke wangu, amesema atapita na watoto wote wawili. Anafikiri anakuja kukuuguza. Hajui kwamba tumeshakuzika.

Usinikasirikie. Sikuamua peke yangu. Kaka yako aliyetoka Luberizi kwa baiskeli alinishika mkono palepale kaburini akasema, "Habari ya namna ile haipitake mu simu. Umwambie mama iko mugonjwa kidogo, akuye." Na wewe mwenyewe ndivyo ulivyofanya mume wako alipofariki. Faida alinisimulia: ulimwambia baba ana homa, akapanda gari kutoka Bukavu akiwa amebeba machungwa ya mgonjwa, akafika akakuta watu wamekaa chini. Mpaka leo hali machungwa.

Basi nami nikasema una homa kidogo. Unajua alinijibu nini? Amekununulia mdomo mpya wa pampu yako ya meno. "Kale ka zamani kalishachoka, nimemupatia mama kapya huku Bujumbura." Alisema kwa furaha, Mama. Nilikata simu nikasingizia mtandao.

Nimeinuka tena. Si wao. Ni motari, pikipiki ya mtu wa mkaa.

Kuna jambo la pili, na hilo ndilo linaloninyima raha kuliko hata lile la kwanza. Faida anaamini kwamba ile pampu ulikuwa unaishika mwenyewe mpaka siku ya mwisho. Hajui ilikuwa mkono wa nani. Nitalazimika kumwambia yote mawili leo, na sijui nianze na lipi, na sijui atanitazama vipi. Tulikuwa wawili tu humu ndani, mukwe na mama mukwe, jambo ambalo hata kulitamka ni haya. Angalia, hata sasa nakuandikia "wewe", mimi niliyekuwa nakusemesha "ninyi" miaka yote. Unisamehe. Barua ya "ninyi" ingekuwa ya baridi mno.

Unakumbuka siku sanduku lilipofika? Shemeji yangu, kijana wako wa ng'ambo, alikuwa amesikia Faida akilalamika kwenye simu: mama fizi zinamtoka damu, mto wa kulalia una madoa, kila akila ndagala, dagaa wa hapa ziwani, anachokonoa meno kwa kijiti cha ufagio mpaka anajichoma. Akatuma ile mashine kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Ukaifungua mbele yetu sote, juu ya mkeka. Kitu cheupe, kirefu kama tochi, chini kina tangi dogo la maji, juu kina mdomo mwembamba. Ukakitazama. Tukakutazama. Halafu ukajifunika kitenge usoni.

"Mutoto wangu mwenyewe! Ananitumia kitu ya kutilia dawa kwa matako, na anaipitisha kwa mukwe!"

Mama, nilitoka nje mbio. Mwanzoni ilikuwa haya tupu, maana kweli kila nyumba hapa inayo ile ya mpira ya kuwasafishia watoto tumbo, na hii mpya ilifanana nayo kama ndugu tajiri. Kisha kicheko kikanishika nikaegemea ukuta. Nilisoma karatasi ya maelezo nikiwa kulekule nje, kwa Kifaransa, nikapaza sauti dirishani kwamba ni ya mdomo, ni ya meno, inarusha maji katikati ya meno na chini ya ufizi. Kwa muda mrefu hukuamini. Ulisema ninamtetea mwanao.

Na mafunzo yenyewe! Ungeweza kufundishwa na Faida tu, lakini yeye karatasi zile humchosha, kwa hiyo nilikaa upande wangu wa pazia nikisoma, naye akakaa upande wako akikuelekeza. Pazia lile lilikuwapo tangu vita ya bondeni ilipokufukuza Luberizi ukaja kukaa kwetu mjini, Mulongwe. Kwetu mukwe haangalii kinywa cha mama mukwe. Ulikula nyuma ya pazia, nami nikala huku. Ukicheka, kitenge mdomoni. Nilijua kikohozi chako na kishindo cha miguu yako, nilijua hata hasira zako kwa namna unavyoweka sahani. Meno yako sikuyajua.

Nilisoma: mdomo wa pampu uingie kinywani kwanza, ndipo ubonyeze. Wewe ukabonyeza kwanza. Maji yakapita juu ya pazia yakaniangukia kichwani, na Faida akacheka mpaka akakaa chini. Nilisoma: maji yawe vuguvugu, na mimi nikaongeza yangu kwamba lazima yawe yamechemshwa, maana bomba zilikuwa zimekauka tukichota ziwani. Nguvu ndogo kwanza. Inama juu ya beseni, acha midomo wazi kidogo maji yajitokee. Fuata pale jino linapoingia kwenye ufizi, taratibu, jino kwa jino. Faida akaita, "Damu!" Ukataka kuitupa. Ni muuguzi wa zahanati aliyetutuliza, akasema fizi zilizovimba hutoka damu mwanzoni, tuendelee polepole, na mswaki usiachwe, na damu ikikataa kukoma turudi. Ikakoma. Jioni moja nikasikia nyuma ya pazia unatafuna mahindi ya kuchoma, kru kru kru, nikafurahi kama nimeshiba mimi.

Halafu milio ya bunduki ikashuka mpaka mjini. Unajua wewe mwenyewe, sina haja ya kukusimulia masasi. Imani, binti yetu mkubwa, alikuwa na homa, mdogo wake hajaacha kunyonya, na majirani walikuwa wanatoka na magodoro kichwani. Nilikuja kukuita nyuma ya pazia. Ukanijibu, "Minye nilishakimbia mpaka kwa mukwe. Kisha kwa mukwe, ni wapi tena muntu anakimbilia?" Na magoti yako kweli yasingefika mpakani. Kwa hiyo Faida akaenda na watoto, nami nikabaki nawe. Pale mlangoni hakuniaga. Alinishika shati tu. "Mama akule. Umesikia? Akule."

Hilo ndilo neno aliloniachia. Nimelibeba kama mtu aliyebeba yai mfukoni.

Ulikula, mwanzoni. Umeme ulikatika lakini plaki yangu ya umeme wa jua ilitosha kuchaji simu chache za waliobaki, na pampu yako. Kisha dawa zako za ugonjwa wa sukari zikawa shida kupatikana na mkono wako wa kulia ukaanza kutetemeka. Nilisikia pampu ikianguka kwenye beseni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mama Riziki wa jirani akawa anakuja kukusaidia, Mungu ambariki, mpaka naye akapanda mtumbwi pale bandarini Kalundu akaelekea kusini. Zahanati ilikuwa na kufuli. Sahani zako zikaanza kurudi zimejaa. Ndagala hazijaguswa, ugali una alama ya kidole kimoja. "Nimeshiba, mukwe." Ulinywa uji tu. Na sauti yako ikawa ya mtu anayesema na shavu lililovimba.

Nilizunguka ua siku nzima, Mama. Nilitafuta mwanamke yeyote barabarani kwetu, hata wa kupita. Walikuwapo wanajeshi na mbuzi. Nikarudi, nikachemsha maji, nikayaacha yapoe, nikajaza tangi, nikasimama upande wangu wa pazia nikasema, "Mama, ninyi munisamehe. Nitafumba macho."

Kisha nikasikia unavuta kiti.

Nilisimama nyuma yako kama kinyozi, macho nimeyafumba hadi yakauma. Ulinishika kifundo cha mkono ukawa unanielekeza. "Juu. Hapana, pale ni pua." Maji yakaingia kwenye mkono wa shati langu. "Shuka. Polepole, weye, hauoshe motari." Nilisikia harufu ya damu. Siku ile na siku zilizofuata tulifanya hivyo, kipofu na kiongozi wake, na mimi nikimaliza natoka kinyumenyume nikigonga kila kitu.

Mpaka ile asubuhi nilipokurushia maji jichoni. Uliguna. Kisha ukasema lile neno ambalo naliandika hapa ili nisilipoteze.

"Mukwe, fungua macho. Hii vita imetuona sisi wote uchi. Weye unaogopa meno?"

Nikafungua.

Ulikuwa umeinua uso, mdomo wazi, kitenge kimewekwa kando. Na pale mbele, juu, katikati ya meno mawili, kuna mwanya. Mwanya uleule, Mama. Wa Faida. Ule ulionifanya nirudi kununua sabuni ambazo sikuzihitaji kwenye meza yake sokoni, wiki baada ya wiki, ili acheke tu. Nilikuwa sijamwona tangu alipovuka, simu zilikuwa hazishiki, sikujua kama yuko hai, na ghafla yuko pale, ndani ya kinywa chako. Pampu ikanitoka. Maji yakaenda ukutani. Nililia mbele ya mama mukwe wangu, mdomo wazi kama mtoto, na wewe hukujifunika wala hukugeuka.

"Ni ule ule, si ndiyo?" ulisema. "Na minye niliupata kwa mama yangu."

Tangu siku ile nilisafisha huku natazama. Pampu yetu ilirudi kufanya kazi yake sawasawa, jino kwa jino, nikiona pale pekundu napunguza nguvu, pale ndagala ilipojificha naifuata. Uvimbe ukashuka. Na siku moja ulinyanyua sahani yako ukavuka nayo pazia, ukakaa mezani kwangu, ukala. Ulikula ukinitazama. Sikuweza kumeza hata tonge moja kwa heshima uliyonipa.

Fizi tuliziweza. Sukari hatukuiweza. Ile adhuhuri ulikula ndagala na ugali, ukalamba vidole, ukasema utajinyoosha kidogo nikichemsha maji. Nilikuja na beseni na pampu imejaa. Nilisimama nayo pale. Nilikuita "Mama" mara nyingi, kisha nikakuita kwa jina lako, jambo ambalo mukwe hafanyi. Sikumbuki niliweka wapi beseni.

Wanawake wachache waliobaki walikuosha, kilio kikawa cha watu ambao wangetosha benchi moja. Walikufunga mdomo vizuri kwa kitambaa, wakasema umependeza. Mimi peke yangu nilijua walichofunika. Imeniuma sana, Mama. Inaniuma sasa hivi.

Nimerudi. Nilikwenda mpaka kwenye kona. Bado.

Mji umebadilika tena, nikuambie kidogo. Soko la Mulongwe limeanza kuwa na watu asubuhi. Mama Riziki amerudi, akalia, kisha akaniomba nimchajie simu. Pazia nimelitoa nikalifua, sikulirudisha. Pampu nimeikausha, tangi liko wazi lipate hewa, betri imejaa. Kila siku naichaji, sijui kwa nini, na wateja wananiuliza ile ni nini.

Basi nimeamua, nikiwa hapa nakuandikia. Sitaendelea na uongo wa homa hata kwa dakika moja akishafika. Nitamwacha aweke mtoto chini, nimkalishe, nimwambie. Kisha nitamwambia kwamba alichoniagiza kilifanyika: ulikula, mpaka siku ile ile. Na nitamwambia ni mkono wangu, na kwamba nilitazama, na uliniamuru wewe. Akikasirika, akasirike. Akitaka kaka yako anikalishe chini mbele ya ukoo, nitakaa.

Na mdomo ule mpya hautakwenda kaburini wala ziwani. Utakuwa wake. Naye anachokonoa kwa kijiti cha ufagio, unamjua, amekurithi. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako: ule mwanya nitautunza. Nitamchemshia maji mimi, nitamfundisha bila pazia. Siku moja Imani ataleta mume hapa, na Faida ataanza kuvuta kitenge mdomoni kama wewe, na mume yule hatajua anachonyimwa. Nitamhurumia, lakini sitamwambia.

Lala salama, Mama. Nimekutunza nilivyoweza. Mimi, mukwe wako uliyempa ruhusa.

Motari imesimama kule kwa Mama Riziki. Watoto wanashuka. Ni yeye, ana mfuko mdogo mkononi, ameukumbatia. Dereva amemwambia kitu na Faida anacheka, Mama, kichwa amekirusha nyuma, nauona mwanya kutoka hapa. Mama Riziki ametoka nje, nimempungia mkono asiseme neno. Acha nimwangalie hivyo mpaka afike mlangoni.